Askari kanzu ndani ya genge: siyo muvi, ilitokea Mombasa

Kwenye muvi, askari kanzu anajifanya jambazi, anaingia kwenye genge, mwisho risasi kibao. Kesi ya ndugu wa Akasha wa Mombasa inaonyesha mchezo wenyewe unavyochezwa.

Mwaka 2014 kikosi cha Marekani cha kupambana na madawa ya kulevya, DEA, kilitumia watoa habari waliojifanya wametumwa na wauza unga wa Colombia. Vikao vikarekodiwa kisirisiri. Wakaomba sampuli: Oktoba ikaletwa kilo 1 ya heroini, Nairobi. Novemba zikaja kilo 98. Hapo sauti ipo na mzigo upo. Siku chache tu, pingu.

Kwa nini mbinu hii? Kwa sababu bosi hagusi mzigo. Ukimkamata mbebaji, umepata mbebaji tu. Bosi ananaswa kwa mdomo wake mwenyewe.

Kesi ilipigwa danadana Kenya, na baadaye walikiri kuwa walihonga maofisa. Januari 2017 wakapelekwa New York. Baktash akala miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim 23 mwaka 2020.

Sasa vijana wenzangu wa Moa, sisi na Kenya ni bahari moja. Akija mgeni na hela nono, anataka umvushie mzigo usiku kwa mashua bila kuuliza, jiulize: huyu pusha au shushushu? Vyovyote iwavyo, atakayekutwa na mzigo ni wewe. Wadau mnasemaje?