Fosi akaunti nayo ina zabuni

Darasa likijengwa siku hizi Inyonga, Nsimbo au katika kata za Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, mara nyingi humkuti mkandarasi. Fedha zinaingia akaunti ya shule, kamati inakaa, fundi wa mtaani anapewa kazi, na vifaa vinanunuliwa pembeni. Utaratibu huu ndio fosi akaunti. Kwa kuwa hakuna mkandarasi, wengi huamini hakuna zabuni pia, na imani hiyo ndiyo inayotuletea mabati mepesi na risiti zisizoeleweka.

Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, haimwachi mkurugenzi wa halmashauri achague njia anayoipenda tu. Tangu kanuni za 2013, fosi akaunti imewekewa sababu zake, zikiwemo: kazi ndogondogo zilizotawanyika au zilizo mbali kiasi kwamba makandarasi hawatazamiwi kuziomba kwa bei ya maana, dharura, au kazi ambayo kiasi chake hakipimiki mapema. Taasisi nayo iwe na wataalamu wa kuisimamia. Sababu ya umbali inaingia vizuri kwenye zahanati ya kijiji cha ndani kabisa Mlele. Kwa darasa la katikati ya mji wa Mpanda, naiona dhaifu sana.

Hata pale njia hii inapofaa, ushindani haufutwi, unahamia kwingine. Mhandisi anaandaa makisio, fundi anashindanishwa na wenzake, kisha saruji, nondo na mabati vinaombewa bei kwa wauzaji zaidi ya mmoja. Kwa Katavi hapa ndipo penye fedha. Mkoa hauna kiwanda cha saruji, kila mfuko unafika ukiwa umebeba nauli ya safari ndefu, na bei ya duka moja haikuambii kama nauli hiyo ni ya haki. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ameandika kuhusu kasoro za fosi akaunti katika halmashauri kwa miaka mingi, ukiwemo ununuzi wa vifaa bila kushindanisha.

Hila nyingine ni kuikata kazi. Ukarabati wa paa la shule moja ukigawanywa vipande vitatu ili kila kipande kiwe chini ya kiwango cha zabuni ya wazi, sheria imevunjwa, hata kama kila kipande kina nyaraka zake safi.

Kazi ikienda kwa mkandarasi, ni lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa daraja linalolingana na thamani ya kazi. Tangazo na maombi hupita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kwa hiyo mzabuni wa Mpanda halazimiki kusafiri kufuata makabrasha. Miradi isiyozidi shilingi bilioni 50 ni ya kampuni za Kitanzania, na asilimia 30 ya ununuzi hutengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Aliyeshindwa hupewa notisi ya nia ya kutoa tuzo na ana siku 5 za kazi za kulalamika kwa afisa masuuli, kisha anaweza kwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni.

Suala hili la kushindanisha bei lina uzito wa pekee Wilaya ya Tanganyika, ambako vijiji vinavyouzunguka msitu wa Ntakata vinajenga madarasa na zahanati kwa mapato ya hewa ukaa. Msitu ni wao na fedha ni zao, lakini halmashauri ya kijiji ni mamlaka ya serikali za mitaa, hivyo fedha hizo ni za umma. Mwanakijiji ana haki ya kusimama kwenye mkutano mkuu na kuuliza: ni wauzaji wangapi walioleta bei za mabati, na karatasi zao ziko wapi?