Laini ya Simu ya Msafiri Aendaye Umra

Miongoni mwa matayarisho ya msafiri atokaye Mombasa, Unguja au Dar es Salaam kwenda Umra, suala la simu aghalabu huachwa nyuma kabisa, baada ya ihramu, dawa na zawadi za jamaa, kwa dhana kwamba simu iliyofanya kazi nyumbani itafanya kazi Jeddah vilevile. Dhana hiyo ni sahihi nusu yake tu, kwani simu hufanya kazi, na gharama nayo hufanya kazi yake kimyakimya, hata salio likaisha kabla ya mwenyewe kutoka nje ya uwanja wa ndege.

Sababu ya hayo imo katika kadi yenyewe. Kadi ya simu, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich kwa ajili ya mtandao mmoja wa Finland, haibebi salio ndani yake kama wengi wadhanivyo; hubeba namba ya utambulisho pamoja na ufunguo wa siri usiotoka humo abadan. Tarakimu tatu za mwanzo wa namba hiyo hutaja nchi ya mtandao: 640 ni Tanzania, 639 ni Kenya, 420 ni Saudia. Simu iwashwapo katika uwanja wa ndege wa Mfalme Abdulaziz, Jeddah, mtandao wa pale huzisoma tarakimu hizo, ukamtambua mwenye simu kuwa mgeni, na kabla ya kumpa ruhusa hupeleka ombi hadi kwa kampuni yake huko atokako, ambayo ndiyo pekee iujuayo ufunguo ule, ili imthibitishe. Ikishamthibitisha, imemdhamini, na madhali mdhamini hulipa kwanza, hana budi kumdai mdhaminiwa wake, tena pamoja na faida. Kampuni mbili hula katika sahani moja, na mnunuzi wa chakula ni mmoja.

Nchi za Umoja wa Ulaya zilijifutia ada hiyo ya kutumia laini ugenini baina yao tarehe 15 Juni 2017, na huku kwetu Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuipunguza kwa mapatano ya mwaka 2014. Walakini mapatano hayo hayavuki bahari hadi Hijazi. Aendaye huko na atakaye intaneti ya kutosha, ambayo siku hizi si anasa, kwa sababu hata kibali cha kusali katika Rawdha ya Madina huombwa kwa programu ya Nusuk, yampasa anunue laini ya Saudia.

Kampuni kubwa huko ni tatu, STC, Mobily na Zain, nazo hufungua maduka katika viwanja vya ndege vya Jeddah na Madina. Muuzaji hutaka pasipoti na viza, huandika, kisha hukuelekeza uweke kidole juu ya kioo kidogo chenye mwanga, kwani tangu mwaka 2016 sheria ya Saudia imefunga kila laini kwa alama za vidole vya mwenyewe. Mtanzania aliyesajili laini yake kwa namna hiyo hiyo hatashangaa. Watakaotaabika ni wazee wetu ambao jembe na uvuvi wa miaka mingi vimesugua ncha za vidole hata kioo hakisomi kitu. Hao wasikate tamaa, wala muuzaji asiwaharakishe, kwani kulainisha kidole kwa mafuta kidogo, kukifuta vizuri na kujaribu kingine mara nyingi hutosha.

Hapa ndipo nitakapo msomaji awe na hadhari kubwa zaidi. Nje ya maduka hayo, hususa mahali penye msongamano wa mahujaji, msafiri aweza kuuziwa mkononi kadi iliyokwisha kusajiliwa, bila pasipoti wala kidole, na urahisi wake ukamvutia. Kadi hiyo ni ya mtu mwingine mbele ya sheria: yaweza kufungwa wakati wowote, na itumikapo katika jambo baya, hakuna ajuaye nani ataulizwa. Mimi naona ni afadhali kungoja saa nzima kwenye foleni ya duka la kampuni kuliko kuinunua kadi ya namna hiyo kwa nusu ya bei. Ama laini isiyo na kadi, ile iingizwayo kwa kupiga picha mchoro wa mraba, ni njema kwa wenye simu mpya. Lakini nyingi ziuzwazo mtandaoni ni za data tupu zisizo na namba, na dereva atakaye kukupigia hatakupata.

Laini ya nyumbani isitupwe. Iache katika nafasi ya pili ya simu, ukiizimia data ya ugenini, ipate kupokea ujumbe wa benki. Na WhatsApp ikuulizapo kama wataka kubadili namba, kataa, jamaa wasikupoteze. Wenye simu ya nafasi moja waihifadhi kadi katika bahasha pamoja na karatasi ya namba zake za siri, kwa kuwa namba ya siri ikikosewa mara tatu kadi hujifunga, na ile namba ya kuifungulia, yenye tarakimu nane, ikikosewa mara kumi kadi imekufa. Namba za jamaa nazo ziandikwe kwa +255 au +254 kabla ya safari.

Kuhusu fedha, kodi ya ongezeko la thamani huko Saudia imekuwa asilimia 15 tangu Julai 2020, na kwa hiyo vocha ya riyali 20 hulipiwa riyali 23. Anayerudishiwa chenji pungufu asidhani amedhulumiwa. Nawe, msafiri, uliza kifurushi ni cha siku ngapi kabla ya kutoa fedha, wala usinunue cha mwezi kwa safari ya juma moja, kwani salio libakialo siku ya kuondoka halihamishiki kwenda kwenye laini yako ya nyumbani.