Kasi ya Kamera Ndani ya Jengo Ambalo Bado ni Mchoro

Katika uhuishaji wa usanifu majengo, kamera humtembeza mtazamaji ndani ya jengo lililomo kwenye kompyuta tu. Kipimo cha kwanza cha kasi yake ni hatua ya binadamu. Mtu mzima hutembea takriban mita 1.4 kwa sekunde, macho yakiwa kwenye kimo cha mita 1.6 hivi. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, kamera husogea sentimita 5.6 kila fremu, na ukumbi wa mita 14 humalizika kwa sekunde 10. Hata hivyo, lenzi pana inayotumika ili chumba kionekane chote huvuta vitu vya pembeni na kuvifanya vipite upesi mno, hivyo ndani ya vyumba mwendo hupunguzwa.

Nyumba ya mawe ya Lamu huonyesha wazi kwa nini kasi moja haitoshi. Mgeni huingia kupitia daka, yaani baraza la mlangoni, hupinda kona inayowasitiri wenyeji, hutokea kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa juu, kisha huvuka kumbi mbili, msana wa tini na msana wa yuu, hadi chumba kiitwacho ndani, penye zidaka, yaani vishubaka, ukutani. Vyumba hivi ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko hazitoshi kuezeka upana unaozidi sana mita 3, na anayeelekea ndani huvikata kwa upana. Kwa mwendo wa kawaida wa kutembea, msana huisha kwa sekunde 2 tu, jicho likiwa halijatambua lilipo. Kamera hiyo haijaonyesha nyumba, imeonyesha milango. Inafaa ipunguze mwendo mlangoni, isimame, igeuke polepole kufuata urefu wa chumba, ndipo iendelee. Kiwandani pia itulie kidogo, kwa kuwa mtazamaji ametoka gizani.

Kugeuka ndiko kunakoharibu kazi nyingi. Wapigapicha wa sinema hushika kanuni kwamba, kwa fremu 24 kwa sekunde, kamera inapogeuka kitu kichukue kama sekunde 7 kuvuka skrini. Kikipita upesi zaidi, picha huonekana kurukaruka.

Katika programu kama Blender, mwendo huamuliwa na fremu kuu (keyframes), yaani fremu ambamo mahali pa kamera pamewekwa, na mwinuko wa mstari wa grafu ndio kasi yenyewe: ukiwa mkali kamera hukimbia, ukilala husimama. Fremu kuu zikipangwa kwa muda sawa huku umbali ukitofautiana, kamera hukimbia hapa na kujikokota pale. Ni salama zaidi kuchora njia nzima kwanza, kisha kuitawala kwa grafu moja ya umbali na muda.

Haya yote hujaribiwa kwanza kwa maumbo ya kijivu yasiyo na taa wala rangi, kwa sababu kutengeneza picha za mwisho huchukua muda mrefu. Kwa fremu 25 kwa sekunde, dakika moja ina fremu 1,500. Kila fremu ikichukua kompyuta dakika 3, kazi hiyo ni saa 75, na kuirefusha video baadaye kwa kurudia fremu zilezile hufanya mwendo ushtuke.