Unaagiza kalibu ya plastiki? Uliza kwanza hewa inatokea wapi

Na Mwandishi Wetu

MTU yeyote aliyewahi kumimina mafuta ya taa kwenye dumu anakijua kisa hiki. Faneli ikiziba mdomo wa dumu sawasawa, mafuta yanagoma kushuka. Ukiinyanyua kidogo, hewa inatoka pembeni na mafuta yanateremka bila shida.

Jambo hilo hilo hutokea kiwandani, kwenye mashine zinazotengeneza vifuniko vya chupa za asali, ndoo, vitana na kreti za kubebea nyanya. Tofauti ni kwamba huko kosa hilo huweza kumgharimu mwenye mali mamilioni ya shilingi.

Mjasiriamali anayetaka bidhaa ya plastiki yenye umbo lake mwenyewe hulazimika kuagiza kalibu, au moldi kama mafundi wanavyoiita. Hiki ni chuma kilichochongwa katika nusu mbili, ambazo zikifungwa huacha uwazi wenye umbo la bidhaa. Fedha hutoka kabla hata kifuniko kimoja hakijauzwa.

Mnunuzi huuliza bei, aina ya chuma, na kalibu itatoa vifuniko vingapi kwa pigo moja. Swali linalosahaulika ni moja: hewa inatokea wapi?

Hewa iliyonaswa huchoma plastiki

Kalibu ikifungwa, uwazi wake haubaki mtupu. Umejaa hewa. Kifuniko cha ndoo chenye uzito wa gramu 45, kikitengenezwa kwa polipropilini, kinachukua nafasi ya takriban sentimita za ujazo 50. Hiyo ndiyo hewa inayopaswa kutoka, na plastiki ya moto wa nyuzi 200 hadi 250 za Sentigredi huingia kwa nguvu na kujaza nafasi hiyo ndani ya sekunde moja au mbili tu.

Hewa ikikosa njia, husukumwa hadi kwenye kona ya mwisho na kubanwa huko. Hewa ikibanwa ghafla hupata moto. Mwenye mashine ya kusaga ya dizeli analijua hili: injini yake haina plagi ya kuwasha. Inabana hewa mpaka joto linapita nyuzi 500, na mafuta yakipulizwa humo yanawaka yenyewe. Hivyo ndivyo plastiki inavyoungua ndani ya kalibu isiyo na njia ya hewa.

Dalili ni tatu. Ya kwanza ni doa jeusi au la kahawia, ambalo hujirudia mahali pale pale kwenye kila bidhaa. Ya pili ni bidhaa isiyojaa, yenye ukingo au kona iliyokosekana. Ya tatu ni mstari dhaifu mahali ambapo mikondo miwili ya plastiki imekutana, kwa sababu hewa iliyonaswa kati yake imeizuia isishikane vizuri.

Dalili hii ya tatu inamhusu mkulima moja kwa moja. Chukua mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, aliyeacha tenga la mbao na kununua kreti ya plastiki. Kreti ina matundu mengi, na plastiki hulizunguka kila tundu na kukutana tena upande wa pili. Kwa hiyo ina mistari mingi ya kuungana, na kila mstari ulio dhaifu unaweza kupasuka mzigo ukipangwa juu kwa juu kwenye lori.

Si kila kreti inayopasuka ina kasoro hiyo. Jua kali na plastiki iliyoyeyushwa mara nyingi nazo hudhoofisha. Lakini kreti mpya kadhaa zikipasuka mahali pale pale, mwuzaji ana haki ya kuulizwa.

Mwanya mwembamba kuliko unywele

Dawa yake ni kuchonga mianya ya kutolea hewa pale nusu mbili za kalibu zinapokutana. Ugumu uko kwenye kipimo. Mwanya ukiwa na kina kikubwa, plastiki nayo inapenya na kuacha ukingo mwembamba unaopaswa kukatwa kwa kisu, bidhaa moja baada ya nyingine.

Kwa polipropilini, inayotumika sana kwenye vifuniko na ndoo, mafundi wengi huanza na kina cha takriban milimita 0.02. Nailoni huyeyuka ikawa nyepesi sana, hivyo hutakiwa mwanya mwembamba zaidi, kati ya milimita 0.01 na 0.02. ABS, ambayo ni nzito ikiyeyuka, huvumilia milimita 0.03 hadi 0.05. Unywele wa binadamu una unene wa takriban milimita 0.05 hadi 0.1.

Upana wa mwanya unaweza kufika milimita 5 hadi 10. Sehemu hiyo nyembamba huwa fupi, milimita 1 hadi 3 tu. Baada ya hapo mfereji huongezwa kina hadi nusu milimita au zaidi, na lazima ufike nje ya kalibu. Mwanya unaoishia katikati ya chuma hausaidii kitu.

Fundi mwangalifu huanza na kina kidogo, akajaribu, kisha akaongeza. Chuma kupunguza ni rahisi, lakini kukirudisha ni kazi ya kuchomelea na kuchonga upya.

Mahali pa kuweka mianya ni pale plastiki inapofika mwisho, ambako mara nyingi ni upande ulio mbali na mlango wa kuingilia plastiki, na pale mikondo inapokutana. Mbavu ndefu na vishimo visivyo na upande wa kutokea ni mitego ya hewa. Huko hewa hutolewa kupitia pini za kusukumia bidhaa nje, au kwa kuijenga kalibu kwa vipande viwili ili hewa ipite kwenye maungio.

Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazoonyesha hewa itanaswa wapi kabla chuma hakijachongwa. Asiyekuwa nazo anaweza kutumia njia ya zamani: kuingiza plastiki nusu, kisha robo tatu, kisha karibu yote, na kuzipanga sampuli hizo mezani. Zitaonyesha wazi sehemu inayojaa mwisho.

Njia ya mkato ina gharama

Mwendesha mashine akiona madoa ya kuungua, mara nyingi hupunguza kasi ya kuingiza plastiki. Madoa yanapungua, lakini muda unapotea. Kifuniko kilichokuwa kikichukua sekunde 20 kikichukua 22, kwa saa nane zinapatikana bidhaa 1,309 badala ya 1,440. Ni vifuniko zaidi ya 130 vinavyopotea kila siku, na plastiki iliyopoa njiani huungana vibaya zaidi.

Kosa jingine ni kuongeza nguvu ya kufunga kalibu kila plastiki inapovuja. Nguvu ikizidi, chuma hubonyea, mianya huzibika na madoa meusi yanarudi.

Mianya pia huchafuka, kwa sababu mvuke wa plastiki huacha utando unaoiziba kidogo kidogo. Kalibu iliyofanya kazi vizuri mwezi wa kwanza ikianza kuunguza mwezi wa tatu, angalia usafi kabla ya kulaumu plastiki. Tumia kitambaa, dawa ya kusafishia na kijiti cha shaba. Bisibisi ya chuma itakwaruza na kuharibu kipimo.

Kabla ya kulipa

Anayeagiza kalibu, iwe kwa fundi wa hapa nchini au kutoka China, adai mambo manne kwa maandishi. Kwanza, mchoro unaoonyesha mianya ya hewa ilipo na kina chake. Pili, jina la plastiki ambayo kalibu imepimiwa. Tatu, sampuli za majaribio, zikiwemo zile zisizojaa. Nne, sehemu ya malipo ibaki mkononi hadi sampuli zikubalike.

Asiyeweza kuusoma mchoro atafute mhandisi amsomee. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

Sampuli zikifika, inua kifuniko kwenye mwanga. Tafuta doa la kuungua upande ulio mbali na alama ya plastiki ilipoingilia, kisha kikunje kwa mkono kwenye mstari wa kuungana. Kikikatika hapo, usimalizie malipo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye kalibu ya plastiki, upo ufa mdogo wa milimita 0.02 ambao ukizibwa ndipo hasara inapoanza.