Lala chumba kimoja, pangisha kingine: njia ya mwanafunzi kupata nyumba ya kwanza

Mwanafunzi wa TIA au VETA hapa Singida, asiye na mshahara, anaweza kuwa na nyumba? Tunazungumzia nyumba ndogo: wewe unalala chumba kimoja, vingine unapangisha, kodi inaendeleza ujenzi.

Benki tuiweke pembeni. Mkopo wa nyumba unataka kipato cha kueleweka na hati, na mwanafunzi hana. Bumu la Bodi ya Mikopo ni la chakula na malazi, tena ni deni: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Kausha damu msiisogelee kabisa. Marejesho yake hayasubiri, na boma halikuingizii hata senti mpaka lipauliwe.

Kinachobaki ni kidogo kidogo. Mnaungana ndugu wawili au watatu, mnaweka kwenye kikoba, mnauza alizeti baada ya mavuno, mnaanza na kiwanja.

Hapo kwenye kiwanja tusimame, maana ndipo pesa za wengi zinapopotelea. Mjini, kabla ya kutoa shilingi, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uulize kama kimepimwa, kama ni cha makazi, na kina jina la nani. Kijijini, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji lazima iridhie. Karatasi mliyoandikishana na muuzaji peke yenu haitoshi, hata kama mjomba alikuwa shahidi. Mkichanga wawili, yaandikwe majina yote mawili.

Kisha jenga vyumba viwili tu, upaue, uhamie kimoja. Tuseme kingine ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Mpangaji akilipa miezi sita kwa mkupuo, unashika 180,000. Haimalizi nyumba, lakini inaanza kununua saruji na bati za chumba cha tatu. Choo kiwe tayari kabla ya mpangaji. Wanafunzi wenzako hawatahamia penye choo cha kuazima kwa jirani.

Umeme nao huleta ugomvi. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU, na mita ikiwa moja, anayenunua ndiye anayekatwa. Kubalianeni mapema itafidiwaje.

Kama hata kiwanja hakijapatikana, wanafunzi wanne mnaweza kupanga nyumba nzima na kugawana kodi. Ukitaka kuwa wewe ndiye unayeipanga kisha unapangisha wenzako, mwenye nyumba aridhie kwa maandishi. Asipoandika, usiingize mtu.