Kuhamisha Picha za Video kutoka Mkanda hadi Diski

Katika mji wa Kahama, katika kata ya Mwendakulima na katika vijiji vinavyouzunguka uliokuwa mgodi wa Buzwagi, hazikosi nyumba zenye mikanda ya video iliyonaswa miaka mingi iliyopita. Mmoja una harusi, mwingine mazishi ya babu, na mwingine ngoma ya bugobogobo ikichezwa kwa majembe. Wenye mikanda hiyo hudhani kwamba maadamu kasha halijavunjika, picha zimo salama. Dhana hiyo si sahihi.

Kwa wakazi wa sehemu hiyo jambo hili lina uzito wa pekee. Mgodi wa Buzwagi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, ukafungwa mwaka 2021, na umeacha shimo kubwa ardhini. Mkanda ulionaswa karibu na hapo mwaka 1996, kwa mfano, waweza kuwa ushahidi pekee wa sura ya nchi ilivyokuwa kabla ya mgodi, na wa watu wake wakitembea na kusema. Ukiharibika, hakuna njia ya kuunasa tena.

Makala haya yanaeleza jinsi mkanda unavyohifadhi picha, sababu za kuchakaa kwake, na namna ya kuzihamishia picha hizo kwenye diski kwa kutumia kinasa-diski, yaani deki inayonasa picha kwenye diski yenyewe bila msaada wa kompyuta.

Mkanda na kazi yake

Mikanda mingi iliyomo majumbani ni ya aina ya VHS, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976. Tanzania Bara ilikaa muda mrefu bila kituo chake cha televisheni. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kabla ya hapo, mwenye televisheni huku Bara aliihitaji hasa kwa kutazamia mikanda ya deki.

Mkanda wenyewe ni utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7. Juu yake umepakwa unga wa oksidi ya chuma, ndugu wa kutu tunayoiona kwenye jembe lililoachwa mvuani, nao umeshikizwa kwa gundi. Kila chembe ya unga huo ni sumaku ndogo. Wakati wa kunasa, ishara za umeme hupita katika vichwa vya deki na kuzielekeza sumaku hizo. Wakati wa kutazama, sumaku hizo huamsha umeme katika vichwa, na ishara zikarudi kuwa picha.

Ishara za picha hubadilika mara mamilioni kwa sekunde. Kama kichwa kingekuwa kimetulia, utepe ungelazimika kupita mbele yake kwa mwendo wa karibu mita 5 kwa sekunde, na mkanda wa saa tatu ungekuwa na urefu wa zaidi ya kilometa 50. Wahandisi waliviweka vichwa katika pipa dogo linalozunguka mara 25 kwa sekunde, likichora mistari ya mshazari juu ya utepe. Kwa njia hiyo utepe huenda sentimita 2.34 tu kwa sekunde, na saa tatu huenea katika mita 253 hivi.

Kwa nini mkanda huchakaa

Adui wa kwanza ni unyevu. Gundi huvuta maji kutoka hewani, nayo maji huvunja molekuli zake ndefu. Gundi ikawa ya kunata, unga ukabanduka, na vichwa vikaziba. Wakati wa mvua ukungu waweza kuota juu ya utepe; wakati wa kiangazi vumbi huingia na kuukwaruza. Joto la chini ya paa la bati huharakisha uharibifu. Aidha, kila mkanda unapochezwa hulika kidogo.

Adui wa pili ni kutoweka kwa mitambo. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo mwezi Julai 2016. Basi mkanda waweza kuwa mzima, lakini pasiwe na deki ya kuuchezea.

Kutoka sumaku hadi tarakimu

Ishara za mkanda ni za mfululizo: hupanda na kushuka kama mawimbi. Kinasa-diski huzipima ishara hizo na kuandika kila kipimo kwa tarakimu. Katika mfumo wa PAL, unaotumika nchini mwetu, kila picha hugawanywa katika nukta 720 kwa 576, na picha 25 hupita kila sekunde. Hizo ni nukta 10,368,000 kwa sekunde. Kila nukta ikiandikwa kwa baiti 2, diski ya DVD yenye nafasi ya baiti bilioni 4.7 ingejaa kabla ya dakika 4 kutimia.

Kwa sababu hiyo kinasa-diski hubana habari. Bibi harusi akiketi mbele ya ukuta, ukuta haubadiliki. Hakuna haja ya kuuandika upya mara 25 kwa sekunde. Mtambo huandika hasa yale yaliyobadilika, na pia huacha mambo madogo ambayo jicho halitambui. Hivyo saa mbili hutosha katika diski moja.

Kisha mwanga wa leza wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 huchoma alama ndogo katika tabaka la rangi lililomo ndani ya diski. Nyuma ya rangi hiyo pana tabaka jembamba la madini linalorudisha mwanga. Kwa kawaida ni fedha, lakini diski nyingine za kuhifadhia kumbukumbu huwekwa dhahabu, kwa kuwa dhahabu haishiki kutu. Madini yaliyochimbwa Buzwagi, basi, yanaweza kutumika kulinda picha za Buzwagi yenyewe.

Hatua za kufuata

1. Kagua mkanda. Ukiona ukungu mweupe juu ya utepe, usiutie katika deki, kwani utachafua vichwa na mikanda mingine. Vunja kijiti cha plastiki kilichopo ubavuni mwa kasha ili mkanda usifutwe kwa bahati mbaya.

2. Safisha vichwa vya deki, kisha uzungushe mkanda mzima mbele na kuurudisha nyuma ili utepe ujipange sawasawa.

3. Unganisha matundu ya kutolea ya deki na matundu ya kuingizia ya kinasa-diski: manjano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti. Kinasa-diski nacho kiunganishwe na televisheni.

4. Chagua muda wa kunasa. Vinasa-diski vingi hutoa nafasi ya saa 1, 2, 4 au 6 kwa diski. Kadiri muda unavyorefushwa ndivyo picha inavyobanwa zaidi na kupoteza ubora. Kwa mkanda wa nyumbani saa 2 zafaa.

5. Nasa huku ukitazama. Kazi hii haiharakishwi: mkanda wa saa mbili huhitaji saa mbili. Tumia nafasi hiyo vema. Mketishe karibu nawe mzee anayewatambua watu waliomo, uandike majina yao na mahali walipo. Picha isiyo na majina ni nusu ya kumbukumbu.

6. Funga diski kwa kufuata maelekezo ya kinasa-diski. Diski isiyofungwa huenda isisomeke katika deki nyingine. Umeme ukikatika kabla ya hatua hii, kazi yote yaweza kupotea. Ni busara kuwa na betri ya akiba.

7. Tengeneza diski mbili na uziweke katika nyumba mbili tofauti, mbali na jua, kwa sababu mwanga hufifiza tabaka la rangi. Mkanda wa asili usitupwe.

Mipaka ya kazi hii

Diski haiongezi ubora ambao mkanda haukuwa nao. Picha yenye chembechembe itabaki na chembechembe. Diski pia haidumu milele, na vinasa-diski siku hizi hupatikana zaidi vikiwa vimekwisha kutumika. Hata hivyo kuna faida moja kubwa. Mkanda ukinakiliwa katika mkanda mwingine, nakala huwa hafifu kuliko asili, na nakala ya nakala hafifu zaidi. Tarakimu zikinakiliwa barabara hubaki zile zile. Diski iliyo nzima yaweza kuhamishiwa katika kompyuta, na kutoka huko katika chombo kingine, bila picha kupungua. Kwa hiyo diski na ijaribiwe kila baada ya miaka michache, na inakiliwe ingali inasomeka.

Ikumbukwe kwamba maelezo haya ni kwa mikanda ya familia na jumuiya. Filamu na muziki wa watu wengine hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Shule yenye deki moja na kinasa-diski kimoja yaweza kuihudumia kata nzima. Mikanda itakayoletwa wazee wakiwa hai itapata picha na majina pia. Itakayocheleweshwa yaweza kukosa vyote viwili.

Maswali ya kujadili darasani

1. Onyesha kwa hesabu kwamba diski ya baiti bilioni 4.7 hupokea baiti 650,000 hivi kwa sekunde ikinaswa kwa saa 2. Je, ikinaswa kwa saa 6?

2. Kwa nini mkanda wa video usiwekwe karibu na spika kubwa, hali diski haidhuriki hapo?

3. Chunguza nyumbani kwenu: kuna mikanda mingapi, ya mwaka gani, na ni nani anayeweza kuwataja watu waliomo?