Suke la mpunga na kuvu ya jichoni

Chukua mkulima wa mpunga pembeni mwa hifadhi ya msitu ya Masako, kilomita kama 14 kutoka Kisangani kwa barabara ya zamani ya Buta. Anainama kuvuna, suke linamchapa jichoni. Anafikicha, machozi yanamtoka, kazi inaendelea. Baada ya siku kadhaa jicho limekuwa jekundu, mwanga unamchoma, na juu ya kioo angavu cha jicho kumetokea doa la kijivu lenye kingo kama za unyoya.

Suke lile huenda lilibeba kuvu. Kuvu kama Fusari na Aspergilasi huishi kwenye udongo, majani na nafaka, na joto lenye unyevu huzinawirisha. Jicho zima hujikinga nazo. Mkwaruzo mdogo tu huzifungulia mlango. Bakteria huharibu haraka, kuvu hutambaa polepole, na upole huo ndio unaomdanganya mgonjwa asubiri.

Katika nchi za baridi ugonjwa huu ni nadra. Hata hivyo, mgonjwa aliyeelezwa na daktari Theodor Leber huko Ujerumani mwaka 1879, wa kwanza kuandikwa, alikuwa mkulima aliyepigwa jichoni na kapi la nafaka. Kwetu sisi neno nadra halifai. Watafiti wa Mbarara, Uganda, waliwafuatilia watu 313 wenye vidonda vya jicho kuanzia mwisho wa 2016 hadi 2018. Miongoni mwa waliopimwa maabara, asilimia 62 walikuwa na kuvu. Nusu ya wagonjwa wote walifika hospitalini baada ya siku 17 au zaidi, na asilimia 60 walikuwa wameshatia jichoni dawa ya kienyeji. Miezi mitatu baadaye, watatu katika kila kumi hawakuona kwa jicho lile.

Linaloniuma zaidi ni matone ya steroidi yanayouzwa bila kipimo. Wekundu hupungua, mtu hufurahi. Kumbe kinga ya mwili ndiyo iliyolazwa usingizi, na kuvu inashuka ndani. Dawa za bakteria nazo haziiui. Ndiyo maana mganga anatakiwa kukwangua kidonda kidogo, aweke ukwanguo kwenye kipande cha kioo na kuutazama kwa darubini. Nyuzi za kuvu huonekana palepale.

Natamisini, tone linalotegemewa zaidi dhidi ya kuvu hizi, liliingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2017. Lakini haipenyi sana, kwa hiyo kidonda kikishazama huwa imechelewa. Mwanzoni hutiwa kila saa, kisha matibabu huendelea kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo jicho likichapwa na jani au suke, lioshe kwa maji safi, usilifikiche. Likiuma hata kesho yake, nenda kituo cha afya na useme wazi: nilipigwa na suke, siku fulani. Maneno hayo machache humfanya mganga aifikirie kuvu mapema.